Mason: Jina la Waashi Lililowaacha Waashi Nyuma

Mwaka 2011, katika orodha ya majina ya watoto inayotolewa kila mwaka na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, jina la Mason lilishika nafasi ya pili kwa wavulana, nyuma ya Jacob na mbele ya William. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo lilikuwa la 12, na mwaka 2009 halikuwamo hata katika 30 za mwanzo. Jacob ni jina la Yakobo wa Biblia, na William limebebwa na wafalme wanne wa Uingereza. Katikati yao akaingia mwashi, mtu wa kuchonga mawe na kusimamisha kuta, ambaye kwa karne nyingi alikuwa na nafasi katika majina ya koo peke yake.

Maelezo yanayopendwa kuhusu jambo hili ni kwamba wazazi wa Kimarekani, baada ya kuchoshwa na kazi za kukaa mbele ya kompyuta, wameanza kuzirudishia heshima kazi za mikono, na ndiyo maana watoto wao wanaitwa Mason, Cooper, Carter, Tyler na Sawyer, majina ya mwashi, fundi wa mapipa, mwendesha mkokoteni, mwezeka vigae na mpasua mbao. Ni maelezo matamu, lakini historia ya majina haya haiyaungi mkono. Ninavyoona mimi, jina la kazi huanza kupewa mtoto pale ambapo wanaolitoa hawaisikii tena kazi ndani yake. Mason lilipita kwanza mikononi mwa koo zenye mali, kisha likachukuliwa na mitindo ya sauti, na katika hatua zote mbili waashi wenyewe hawakuwa na usemi wowote.

Neno lenyewe lilifika Uingereza pamoja na Wanormani, waliovamia nchi hiyo mwaka 1066 na kuanza mara moja kujenga ngome na makanisa makuu ya mawe katika nchi ambayo nyumba zake nyingi zilikuwa za mbao na udongo. Mafundi wa mawe wakaitwa kwa neno la Kifaransa cha Kinormani, kwa kuwa waliowaajiri walizungumza Kifaransa. Wakati huo Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja, na majina yenyewe yalikuwa machache mno, kiasi kwamba kijiji kimoja kingeweza kuwa na akina John na William wengi kuliko karani angeweza kuwatofautisha. Basi akaandikwa John mwashi, William msaga nafaka, Robert mhunzi. Kodi za kichwa zilizotozwa mwaka 1377, 1379 na 1381 ziliwalazimisha makarani kuandika majina ya watu wengi wa tabaka la chini, na katika daftari hizo majina ya kazi yamejaa tele. Kufikia mwaka 1400 hivi, Waingereza wengi walikuwa na jina la ukoo linalorithiwa, na mtoto wa mwashi aliendelea kuitwa Mason hata kama yeye alifuga kondoo.

Inafaa kukumbuka kwamba jina la namna hii halikuchaguliwa na mwenyewe. Alipewa na jirani, au na karani, na lilimshika pale tu ambapo kazi yake ilimtofautisha na wenzake. Ndiyo maana hatuoni koo nyingi zenye jina la mkulima wa kawaida, ijapokuwa wakulima ndio waliokuwa wengi kuliko wote, na ndiyo maana Smith, yaani mhunzi, limeenea kupita yote, kwa kuwa karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake mmoja anayejulikana na kila mtu. Waashi wao walikuwa watu wa kuhamahama, wakifuata ujenzi wa kanisa kuu huku na ngome kule, na mtu anayehamahama hutambulishwa zaidi kwa mahali alikotoka. Henry Yevele, mwashi mkuu maarufu kuliko wote wa Uingereza ya karne ya 14, aliyehusika katika ujenzi wa Westminster Hall ya London na aliyefariki mwaka 1400, hakuitwa Mason. Alibeba jina la mahali. Kwa hiyo hata pale mwanzo kabisa, jina na ustadi havikwenda pamoja kama tunavyopenda kudhani.

Hatua ya kutoka mwisho wa jina kwenda mwanzo wake ilianza kwa watu wasiowahi kushika mwiko wala timazi. Katika karne ya 16, familia za kitajiri za Uingereza zilianza kumpa mtoto wa kiume jina la ukoo wa mama yake liwe jina lake la kwanza, hasa pale ambapo mama alitoka katika nyumba yenye ardhi au hadhi ambayo haikufaa isahauliwe. Mfano ulio wazi ni Guildford Dudley, aliyekatwa kichwa mwaka 1554, mume wa Lady Jane Grey, malkia wa Uingereza wa siku chache tu: mama yake alizaliwa Jane Guildford, na mtoto akalibeba jina hilo kama hati ya undugu. Mwanahistoria William Camden aliliona jambo hili na mwaka 1605 akaandika kwamba kutumia majina ya koo kama majina ya ubatizo ni desturi ya Waingereza, isiyoonekana kwingine katika nchi za Kikristo. Hakuwa mbali na ukweli, na tofauti hiyo ilidumu kwa muda mrefu. Ufaransa, ambako neno la mwashi lilitoka, sheria ya mwaka 1803 iliwafungia wazazi katika majina ya kalenda ya watakatifu na ya watu wa historia ya kale, na ingawa utekelezaji wake ulilegea kadiri miaka ilivyopita, uhuru mpana ulikuja mwaka 1993 tu. Ujerumani nayo imejaa akina Müller na Schmidt, yaani wasaga nafaka na wahunzi, lakini maofisa wake wa uandikishaji wamekuwa wakiyakataa majina ya koo yanapotolewa kama majina ya kwanza. Sheria ya Kiingereza haikuwa na orodha yoyote. Mzazi aliachiwa mlango wazi, na mlango huo ukavuka naye Atlantiki.

Katika makoloni ya Marekani, hasa Virginia na Maryland, desturi hii ilipata udongo wenye rutuba, kwa sababu jamii ya wenye mashamba makubwa ilihesabu undugu kwa makini na ilioleana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1759 alizaliwa huko Maryland Mason Locke Weems, kasisi aliyekuja kujulikana kwa kutunga hadithi ya George Washington mdogo aliyekata mti wa mcheri akashindwa kumdanganya baba yake. Mtu huyo alikuwa na majina mawili ya koo kabla ya kufika kwenye jina la ukoo wake mwenyewe. Upande wa pili wa mto Potomac aliishi George Mason, mwandishi mkuu wa Tamko la Haki la Virginia la mwaka 1776, na baada ya uhuru Wamarekani walizoea kuwapa watoto majina ya koo ya watu wa heshima kama Washington, Jefferson, Jackson na baadaye Lincoln. Mtoto aliyeitwa Mason katika karne ya 19 alikuwa anakumbusha nyumba fulani au mtu fulani. Mawe na chokaa havikuwa na nafasi katika fikra za wazazi wake.

Kabla ya Mason kupanda, Tyler alikuwa ameshatengeneza njia. Ni jina la mwezeka vigae, ambalo mmoja wa marais wa Marekani alilibeba kama jina la ukoo, John Tyler, aliyetawala kuanzia 1841 hadi 1845, na katika miaka ya 1990 lilikuwa miongoni mwa majina kumi yaliyopendwa zaidi kwa wavulana. Taylor, la fundi cherehani, lilianza kwa wavulana vilevile, kisha likahamia kwa wasichana kwa nguvu kiasi kwamba wazazi wa wavulana wakalikimbia. Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba maana ya kazi haina uzito, kwa kuwa ushonaji haukugeuka kazi ya wanawake Marekani katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni sikio.

Na sikio ndilo lililompandisha Mason. Mwanasosholojia Stanley Lieberson wa Chuo Kikuu cha Harvard alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mitindo ya majina ina mwendo wake wa ndani, ambapo jina jipya hupendwa kwa kufanana na lililotangulia huku likitofautiana nalo kidogo, na kwamba watu mashuhuri mara nyingi hudandia jina ambalo tayari liko safarini. Mason ni kielelezo kizuri cha nadharia hiyo. Katika miaka ya 1970 jina la Jason lilikuwa miongoni mwa majina kumi ya kwanza. Watoto wa wakati huo ndio waliokuwa wanazaa mwanzoni mwa karne hii, na kwao Jason lilikuwa jina la rafiki wa darasani, lisilofaa tena kwa mtoto mchanga. Ukibadilisha herufi moja unapata Mason, lenye mlio uleule wa kupendeza na lisilo na mwanafunzi mwenzao aliyewahi kuliitwa. Katika orodha ya mwaka 2011, majina manne kati ya kumi ya mwanzo yanaishia kwa sauti ya n: Mason, Jayden, Ethan na Aiden. Ukiyasoma kwa sauti mfululizo utasikia wimbo mmoja, na mwashi hayumo ndani yake.

Wengi watasema sababu ni Kourtney Kardashian, nyota wa televisheni, ambaye alimpa jina hilo mtoto wake wa kwanza aliyezaliwa Desemba 2009. Tarehe zinashawishi sana, na sikatai kwamba kuruka kutoka 12 hadi 2 kulipata msukumo kutoka kwenye skrini. Lakini mwanzoni mwa karne hii jina lilikuwa tayari ndani ya mia moja ya kwanza, na lilikuwa likipanda kila baada ya miaka michache bila msaada wa nyota yeyote. Kardashian alichagua jina ambalo maelfu ya wanawake wa umri wake walikuwa wanalichagua kwa sababu zilezile, ila yeye alikuwa na kamera nyumbani.

Kama kweli wazazi walikuwa wanaiheshimu kazi ya ujenzi, walichagua wakati wa ajabu. Soko la nyumba la Marekani lilianguka kuanzia mwaka 2007, na sekta ya ujenzi, iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2006, ilibaki na takriban milioni 5.5 mwaka 2010. Waashi, maseremala na mafundi wa mabomba walikuwa nyumbani wakisubiri simu isiyoita, huku hospitali zikiandikisha watoto wa kiume wenye jina la mwashi zaidi ya 19,000 katika mwaka mmoja. Sioni namna ya kuyaunganisha mambo haya mawili isipokuwa kwa kukiri kwamba hayana uhusiano wowote.

Hiyo 19,000 nayo inahitaji kupimwa kwa mizani yake. Mwaka 1880, ambako takwimu hizi zinaanzia, jina la John peke yake lilichukua zaidi ya asilimia 8 ya wavulana walioandikwa. Mason katika nafasi yake ya pili hakufikia asilimia 1. Siku hizi jina linaweza kuwa juu kabisa katika orodha na bado darasa zima likose mtoto wa kuliitwa, kwa sababu wazazi wametawanyika katika maelfu ya majina wakitafuta lile ambalo halijachukuliwa na jirani. Utafutaji huo ndio ulioyafungulia milango majina ya koo. Hazina ya majina ya watakatifu ina mwisho, lakini majina ya koo ya Kiingereza ni makumi ya maelfu, yanasikika kama majina ya watu, na mengi hayajawahi kutumiwa na mtoto yeyote.

Hata hivyo hayafunguliwi yote. Smith, lililobebwa na watu zaidi ya milioni 2.4 katika sensa ya Marekani ya mwaka 2010, halijawa jina la watoto, na Cook au Butcher, la mpishi na la muuza nyama, hayana dalili ya kufika. Yanayopita ni yale ambayo kazi yake imekufa au imejificha ndani ya neno lisilotumika tena. Mmarekani wa kawaida hajawahi kumwona fundi wa mapipa, hajui kwamba Fletcher alitengeneza mishale, na alipomchagua Jimmy Carter, mkulima wa karanga wa Georgia, kuwa rais mwaka 1976, hakufikiria mkokoteni hata kidogo. Cook bado yuko jikoni, na Butcher bado ana kisu mkononi. Hapa mtu anaweza kunipinga kwa kumtaja Hunter, kwa kuwa mwindaji anaeleweka na kila mtu, na Mason mwenyewe, kwa kuwa waashi wapo hadi leo. Kuhusu Hunter jibu ni rahisi, kwani uwindaji Marekani ni burudani ya mwisho wa wiki kuliko riziki. Kuhusu Mason jibu linahitaji uangalifu zaidi: kazi ipo, lakini mtu anayepanga matofali katika nyumba mpya za pembezoni mwa mji huitwa kwa neno jingine la Kiingereza, bricklayer, na lile la zamani limebakia na harufu ya makanisa makuu na mawe ya kuchongwa. Aliyesahauliwa katika jina hili ni kibarua. Fundi wa hadithini amebaki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jina hili linakuja kwa njia mbili zinazogongana. Njia ya kwanza ni mpira. Mason Mount, aliyezaliwa Portsmouth mwaka 1999, ndiye aliyetoa pasi ya bao la Kai Havertz lililoipa Chelsea Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Porto mwezi Mei 2021, na katika majira hayohayo Tottenham ilikuwa inaongozwa kwa muda na kocha kijana Ryan Mason. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliliona jina moja likiwa mbele ya mtu mmoja na nyuma ya mwingine, na sidhani kama kuna aliyeshangaa. Njia ya pili ni uvumi wa Freemason, ambao kwetu umekuwa maelezo ya kila utajiri usioeleweka, pamoja na vile vikaratasi vya matapeli vinavyobandikwa kwenye nguzo za umeme vikiahidi mali kwa atakayejiunga. Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyefariki mwaka 2017, aliwahi kuwa kiongozi wa Freemason katika Afrika Mashariki na alilizungumzia hadharani, lakini uwazi wake haukuuzima uvumi. Mzazi anayesita kwa sababu hiyo anaweza kutulia. Muungano wa mabaraza ya Freemason ulioanzishwa London mwaka 1717 uliazima bikari na guni la kupimia pembe kutoka kwa waashi wa kweli, na kufikia wakati huo koo za akina Mason zilikuwa zimeshaishi na jina lao kwa zaidi ya miaka 300.

Wapo wanaolalamika kwamba kumpa mtoto wa Nairobi au Arusha jina la Mason ni kumvika kazi ya babu wa mtu mwingine. Lalamiko hilo lingekuwa na nguvu zaidi kama sisi wenyewe tusingekuwa na majina ya kazi. Kwa Wakikuyu, Muturi ni mhunzi, Muriithi ni mchungaji wa mifugo, na Mugo ni mganga. Ni majina ya wavulana, yapo katika kila daftari la shule ya Nyeri au Murang'a, na wanaoyabeba ni wahasibu, madereva na walimu. Yamedumu kwa sababu inayofanana sana na ile ya Guildford Dudley: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa la babu mzaa mama, na anayeitwa Muturi anaitwa kwa ajili ya mzee fulani aliyeitwa hivyo. Tofauti ni kwamba Waingereza wa kale walikuwa na hiari katika jambo hili, na Wakikuyu wana kanuni.

Tofauti hiyo inaniwezesha kukisia kitakachotokea. Mason lilishuka hadi nafasi ya saba Marekani mwaka 2017 na ya tisa mwaka 2018, na kufikia mwaka 2020 lilikuwa nje ya kumi bora. Afrika Mashariki, majina ya aina hii hutufikia yakiwa yameanza kuchoka kwao, kwa kuwa tunayapata kwa wachezaji na waigizaji waliokwisha kuwa watu wazima. Tuseme leo mtoto anaandikishwa Mason Muturi mjini Thika. Wazazi wake wamempa mwashi na mhunzi kwa pamoja, na huenda hawakukusudia hata mmoja. Atakapopata mjukuu wa kiume kwa mwanawe, kanuni itamtaka mtoto huyo aitwe Muturi. Jina lililotangulia litachaguliwa upya na wazazi wake, kwa sikio la wakati huo.